Sentensi Niliyompelekea Mama Wanjiku

Siku ile haijawahi kunitoka, mwanangu. Hata harufu ya jiko lile ninayo bado: moshi wa kuni, maziwa yanayochemka, na rundo la viazi vilivyotoka shambani na udongo wake. Tulikuwa Burnt Forest, nje ya Eldoret, mimi na mwalimu wangu, tumeketi kwenye benchi fupi nyumbani kwa mama mmoja mkulima, na tasnifu yangu ya shahada ya pili nimeipakata magotini. Ukungu ulikuwa bado umelala shambani. Mwalimu alipuliza chai yake, akanitazama, akasema, "Soma." Nikasoma. Sijawahi kusoma Kiingereza kwa madaha kama nilivyokisoma asubuhi ile, na sijawahi kutamani kuyameza maneno yangu kama nilivyotamani muda mfupi baadaye.

Nimeikumbuka kwa sababu yako. Jana ulipobisha hapa kwangu Kapsoya na sura ya mwisho ya tasnifu yako, ulisema, "Mzee Okoth, niangalizie tu English, tafadhali. Niko na submission Ijumaa." Mimi ni mstaafu, kazi zangu siku hizi ni kuku na gazeti, na mama yako ni jirani mwema, kwa hiyo niliipokea kwa furaha nikavaa miwani. Ukurasa wa kwanza ulipita laini. Wa pili pia. Ile programu yako ya kurekebisha Kiingereza imefanya kazi yake: koma zimekaa mahali pake, vitenzi vinapatana na nomino, hakuna neno lililokosewa herufi. Nikafika kwenye hitimisho, nikalisoma, nikalirudia, nikakuuliza: "Cheruto, haya maji ya visima vya kule Kesses, wanafunzi wakiyatia hiyo dawa yako, yananyweka ama hayanyweki?" Ukanitazama. Ukaitazama karatasi. Ukasema, "Si imeandikwa hapo, Mzee?"

Haikuwa imeandikwa hapo. Palikuwa na maneno marefu, tena mazuri, lakini jibu halikuwapo. Jana sikutaka kukuvunja moyo, nikasema nitaisoma polepole. Nimeisoma, na badala ya kukujazia wino pembeni nimeona heri nikuandikie habari ya asubuhi ile. Na mimi nilikuwa na umri wako, na usikasirike nikikuambia kwamba karatasi yangu ilikuwa na Kiingereza kizuri kuliko yako, na hakuna programu iliyonisaidia.

Niruhusu nianze mbali kidogo, uzee una ruhusa hiyo. Sisi tuliotoka upande wa ziwa tunataniwa nchi nzima kwamba tunapenda Kiingereza kikubwa. Sikatai. Kijijini kwetu nilikuwa na mjomba aliyefanya kazi ya ukarani mjini, na akija msibani na kusimama kuzungumza, watu waliacha kulia ili wamsikilize. Kadiri walivyokosa kumwelewa ndivyo walivyompigia makofi. Mimi mtoto nilikaa mbele kabisa, kwenye nyasi, nikiapa moyoni kwamba nami nitakuwa hivyo. Shuleni nako mambo yalikuwa yaleyale. Mwalimu wetu alitukaririsha mapambo ya kutia kwenye insha. Jua halikuruhusiwa kuchomoza hivi hivi, ilibidi lichomoze kwa fahari. Ndege ilibidi waimbe hata kama insha ni ya ajali ya barabarani. Aliyetia mapambo mengi ndiye aliyesomewa insha yake mbele ya darasa, na yangu ilisomwa karibu kila wiki. Siku kama hizo nilirudi nyumbani miguu haigusi chini.

Nacheka nikiandika haya, lakini nayapenda. Laiti ningeweza kurudi kwenye nyasi zile hata kwa saa moja nimsikilize mjomba. Yeye ndiye aliyenifanya niipende lugha, na asiyeipenda lugha hataiandika vizuri hata afundishwe na nani. Shida ni kwamba nilipokuja kusoma Eldoret nilikuja na shehena yote, fahari ya jua na nyimbo za ndege, nikaishusha juu ya viazi.

Ndiyo, viazi, au waru kama tunavyosema huku. Utafiti wangu ulihusu mbegu za waru. Wakulima wengi wa Burnt Forest siku hizo walihifadhi mbegu gizani, ndani ya shimo lililofunikwa majani, na zikikaa sana zilitoa machipukizi marefu meupe yanayokatika ukiyagusa tu. Mimi nilijaribu kuzitandaza juu ya vichanja vya mbao ndani ya kibanda kinachoingiza mwanga kidogo, zipate machipukizi mafupi, magumu, ya kijani. Wakulima wanne walinipa vipande vya mashamba yao kwa msimu mmoja. Kazi ya shambani niliifanya vizuri, nasema bila haya. Nilinyeshewa, nikapima, nikarudia kupima. Kilichobaki kilikuwa kuandika, na kuandika ndiko nilikojiona bingwa.

Eldoret yenyewe ilikuwa ndogo wakati huo. Ungeweza kuuvuka mji mzima kwa miguu na kusalimiana na nusu ya watu. Barabara ya kwenda chuoni ikinyeshewa ilikuwa tope tupu, na idara yetu ilikuwa na kompyuta moja tuliyoigombania kwa zamu. Nilikuwa na shati moja jeupe la siku kuu, na nilikuwa na furaha ambayo siku hizi siipati hata nikiwa na mashati kabati zima.

Msimamizi wangu alikuwa mzee Mnandi, mrefu, mwenye koti la kijivu la mwaka mzima na pikapu isiyowaka mpaka isukumwe. Wanafunzi tulimwita Mzee Nani. Jina hilo alijitafutia mwenyewe. Sisi tuliandika kwa Kiingereza, yeye akasahihisha kwa penseli, na pembeni akaandika kwa Kiswahili, na swali lake lilikuwa hilo hilo kila ukurasa: Nani? Ukiandika kwamba sampuli zilikusanywa, yeye: Nani? Ukiandika kwamba ilidhaniwa mvua ilitosha: Nani alidhani? Ukiandika kwamba jambo fulani linajulikana sana: Na nani? Karatasi ilirudi imejaa akina Nani kama siafu. Hosteli tulimwigiza mpaka mbavu zikauma, mmoja amejitanda blanketi la kijivu, anapita kitandani hadi kitandani akiuliza nani amekula mkate wake.

Na alikuwa na desturi moja ambayo hata wenzake idarani waliiona kichekesho. Hakutia sahihi tasnifu yoyote mpaka mwanafunzi alipeleke hitimisho lake kwa mkulima. Unamsomea kwa Kiingereza kama ulivyoliandika, kisha unamwambia kwa Kiswahili, sentensi kwa sentensi, naye Profesa ameketi pale anakunywa chai. Tuliiita defence ya jikoni. Waliokwisha kuipitia walisema jopo la chuoni ni rahisi zaidi. Nikawaona waoga.

Mimi nilikuwa na haraka. Kulikuwa na nafasi ya mhadhiri msaidizi, na nilikuwa nimeahidiwa kwamba nikimaliza muhula ule ni yangu. Baba yangu alikuwa ameshatangaza kanisani. Kila kitu kilikuwa tayari ila sahihi ya Mzee Nani, na sahihi ile ilikuwa upande wa pili wa jiko la Mama Wanjiku.

Mama Wanjiku hakuwa mmoja wa wale wakulima wangu wanne. Alikuwa jirani yao, Mkikuyu wa kutoka upande wa kati wa nchi, mwenye kucheka kwa sauti, ambaye msimu mzima alikuwa akiniita kutoka barabarani nikanywe chai kabla sijaanguka na njaa. Alikuwa ametoka kuvuna. Mbegu alizozichagua kwa ajili ya msimu uliofuata zilirundikwa kona ya jiko, na shamba lake lote la msimu huo lilikuwa ndani ya rundo lile.

"Profesa, leo umeniletea huyu kijana wa kupimapima?" akauliza akitumiminia chai.

"Nimekuletea majibu yake, Mama. Atakuambia mwenyewe."

"Hapo sasa! Si unaona hizi mbegu ziko kwa nyumba mpaka leo? Shimo iko tayari, lakini nimesema sitii hata moja mpaka nisikie watu wa chuo wamepata nini."

Ndipo Mzee Nani aliponiambia nisome. Hitimisho langu, nikikutafsiria, lilisema hivi: imethibitishwa pasipo chembe ya shaka kwamba uhifadhi wa mbegu juu ya vichanja huyakuza mavuno kwa kiwango cha kustaajabisha, licha ya upungufu hafifu wa kientomolojia ulioshuhudiwa katika tukio la pekee. Kwa Kiingereza lilikuwa refu zaidi. Nililisoma nikivuta pumzi pale mjomba alipokuwa akivuta pumzi, nikipandisha sauti pale alipokuwa akiipandisha.

"Kizungu yako ni tamu," Mama Wanjiku akasema. "Inateremka kama uji."

"Sasa mwambie," akasema Mzee Nani.

Nikamwambia, "Mama, imethibitishwa kwamba waru ikiwekwa kwa kichanja inazaa zaidi."

Nilikuwa nimejiandaa kwa maswali. Nilikuwa na majedwali, nilikuwa na grafu niliyoichora kwa rula. Nilijua wakulima ni wabishi na nilikuwa na jibu la kila ubishi. Mama Wanjiku hakubisha. Aliweka kikombe chini, akasimama, akaanza kufunga kitambaa vizuri kichwani.

"Basi nimeskia," akasema. "Hizi zote zinaenda kwa kichanja. Wacha niite fundi wa mbao leo leo, na ile shimo nifukie, isije ikavunja ng'ombe mguu."

Mwanangu, grafu yangu nikaiweka chini. Nilijiandaa kubishiwa, sikujiandaa kuaminiwa. Nikalitazama lile rundo kwenye kona. Nikakumbuka shamba moja kati ya yale manne, lililoko juu karibu na msitu, ambako wadudu wadogo wa kijani waliingia kwenye vichanja, na mbegu zile zilipopandwa majani yakajikunja, na mwenye shamba akachimba viazi vya saizi ya yai la kuku mchanga, asiniambie neno baya hata moja. Shamba lile sikulificha. Lilikuwemo ndani ya tasnifu, limelala pale kwenye upungufu hafifu wa kientomolojia. Nilimtupia jicho Mzee Nani anisaidie. Alikuwa anakoroga chai ambayo sukari yake ilikwisha kuyeyuka zamani.

"Mama, ngoja kidogo," nikasema.

"Ningoje nini? Si umesema?"

"Nimesema, lakini kuna shamba moja haikufanya vizuri."

Akageuka. "Ya nani?"

"Ya huko juu karibu na msitu. Wadudu wadogo wa kijani waliingia kwa kichanja. Tulipopanda, majani ikajikunja, mavuno ikawa kidogo hata kuliko ile ya shimo."

Mama Wanjiku akakaa tena. "Na hizo zingine?"

"Tatu zilifanya vizuri. Vizuri kabisa, Mama."

"Hiyo ni ya miaka mingapi umeona hivyo?"

"Ni msimu moja tu."

"Na hao wadudu wakikuja kwangu?"

"Sijui," nikasema.

Neno hilo halikuwa popote katika kurasa zangu zote. Nilikuwa nimetumia maneno ambayo hata mimi nilikuwa nayatafuta kwenye kamusi baada ya kuyaandika, lakini hilo sikuwa nimelitumia. Lilinitoka kwa shida, na lilipotoka nilihisi mabega yangu yameshuka.

Mama Wanjiku akafikiri kidogo akilitazama rundo lake. "Hapo sasa umeniambia," akasema. "Nitaweka nusu kwa kichanja, nusu kwa shimo. Hii ikiharibika, ile nitapanda. Lakini kijana, si ungeniambia hivyo kutoka mwanzo?"

Mzee Nani akajibu badala yangu. "Alikuwa anasoma insha, Mama." Wakacheka wote wawili mpaka Mama Wanjiku akajifuta macho kwa kitambaa. Mimi nilicheka pia, miaka mingi baadaye.

Nje, tukijiandaa kuisukuma pikapu, Mzee Nani aliweka mkono juu ya boneti akaniambia maneno ambayo nimewaambia wanafunzi wangu wote tangu hapo. Hakupaza sauti. "Okoth, English yako ni nzuri kuliko yangu, na unajua hivyo. Lakini huyu mama alikuuliza swali, na wewe ulikuwa unatafuta makofi. Umeandika vichanja vinakuza mavuno. Vinakuza, ama vilikuza?"

"Vilikuza, Profesa."

"Wapi?"

"Mashamba matatu kati ya manne."

"Lini?"

"Msimu uliopita."

"Na nani aliona?"

"Mimi."

"Basi hiyo ndiyo sentensi yako. Iandike hivyo, halafu utafute Kiingereza chake. Wewe unafikiri grammar ni ya kufurahisha examiner. Ukikosea hiyo tense, mtu anafukia shimo yake. Sukuma gari."

Nilisukuma nikiwa na machozi ya hasira, nakuambia ukweli. Nilihisi ameninyang'anya kitu nilichopewa na mjomba wangu, na sikumsamehe haraka. Niliiandika upya tasnifu nzima, na kazi ilichukua muda mrefu kuliko nilivyodhani, kwa sababu kila nilipoichukua sentensi yangu moja na kujiuliza ningemwambiaje Mama Wanjiku, niligundua ama siijui maana yake vizuri, ama nimesema jambo lile lile mara tatu kwa nguo tofauti. Muhula ukapita. Nafasi ile ya kazi akapewa mwingine, na baba yangu akalazimika kuwaeleza watu wa kanisa kwamba mambo ya chuo hayatabiriki. Hilo liliniuma sana, na sitakudanganya kwamba halikuniuma. Kazi nilikuja kuipata baadaye, lakini mwaka ule ulikuwa mrefu.

Mbele ya jopo, mtahini mmoja aliuliza kwa nini Kiingereza changu ni chepesi hivi kwa mtu wa shahada ya pili. Nikamwambia ni kwa sababu niliyoyaona ni machache. Akaandika kitu, akapita kwenye swali lingine.

Sasa sikia sehemu ambayo watu hawaitarajii. Msimu uliofuata nilikwenda kumtembelea Mama Wanjiku. Vichanja vyake vilikuwa vimefanya vizuri ajabu. Hakuna mdudu hata mmoja. Ile nusu ya shimoni ndiyo iliyomwangusha. Alinipokea kwa kelele kutoka barabarani: "Wewe daktari wa waru! Si ungeniambia tu niweke zote?" Nilirudi chuoni nimenywea, nikamwambia Mzee Nani kwamba ule ukweli wetu umemgharimu mama wa watu nusu ya mavuno mazuri. Akanitazama juu ya miwani. "Ulikuwa unajua?" Nikasema hapana. "Basi ulimwambia sawa. Sasa unajua misimu miwili. Nenda umwambie hiyo." Nikaenda nikamwambia. Akaongeza kichanja kimoja, si viwili. Baada ya hapo aliniuliza kila msimu, nami nikamwambia kila msimu, na mwaka ambao wale wadudu walifika kwake kweli, alikuwa bado na kitu cha kupanda.

Kisha vurugu za kikabila za wakati wa uchaguzi zikaja, zile ulizosimuliwa nyumbani ukiwa mdogo, na jiko lile la moshi halikubaki. Mama Wanjiku alikimbilia kwa ndugu zake upande wa Nyandarua akiwa na nguo alizovaa. Kwa muda mrefu sikujua yuko wapi, na kila nilipopita Burnt Forest niligeuza uso dirishani upande wa pili. Mzee Nani naye alifariki, tukamzika nyumbani kwao, na mtu alimvika lile koti la kijivu. Siku moja simu yangu ikalia, namba nisiyoijua, na sauti ikacheka kabla ya kusalimia. Nilijua ni nani kabla hajasema jina.

Aliniambia huko kuna baridi lakini waru inakubali. Akaniambia kijana mmoja wa kilimo amekuja kuwahubiria mbegu mpya, Kizungu kingi, karatasi za rangi. "Nikamuuliza, wewe umeona wapi, na ni msimu ngapi umeona? Akaanza kufungua mkoba. Nikamwambia, kijana, nitaweka nusu." Halafu akaniuliza kama nimeoa, kama nina watoto, kama bado nasahau kula. Baada ya simu niliketi hapa hapa unaponikuta kila siku, nikalia kama mtoto, kwa sababu ya Mama Wanjiku na kwa sababu ya Mzee Nani na kwa sababu ya shati langu jeupe.

Kwa hiyo, mwanangu, sikia ninalokuambia kuhusu sura yako. Usidhani nakukataza kutumia programu. Ningekuwa nayo ningeitumia, na kwenye koma itatushinda wewe na mimi. Lakini haikuwepo kisimani. Haijui ulichokiona, kwa hiyo pale ulipokuwa na wasiwasi imeweka uhakika, na pale ulipoandika kwa unyenyekevu imekupigia tarumbeta. Yenyewe haina hatia, inafanya alichokuwa akifanya yule mwalimu wangu wa insha. Wewe ndiye uliyechota maji yale, na ni wewe utakayeulizwa nani.

Sarufi usiidharau hata kidogo. Ulichokifanya kiandike kwa wakati uliopita, kwa sababu kimepita, na usikisukume kwenye wakati uliopo mpaka uwe na hakika kwamba kesho pia kitakuwa hivyo. Pale ulipokusanya mwenyewe, sema ulikusanya. Neno ambalo huwezi kumweleza mama yako bila kufungua kamusi litoe, hata kama ni zuri, na najua linavyouma kulitoa, maana mimi niliyatoa mengi niliyoyapenda kama watoto. Usiseme umethibitisha kama umeona tu. Usiseme kubwa bila kusema kubwa kuliko nini. Na nimekisoma kile kisima kimoja ulichokitia katikati ya aya ndefu ukurasa wa mwisho, ambacho dawa haikufanya kazi. Kitoe mafichoni ukipe sentensi yake, fupi, peke yake, mahali ambapo mtu mwenye haraka atakiona.

Na kabla ya yote hayo, panda gari uende Kesses. Mtafute yule mama mwenye nyumba za kupangisha, mwenye kisima, ambaye wanafunzi wote wa ploti yake wanakunywa pale. Kaa naye, msomee hitimisho lako kwa Kiingereza, kisha mwambie kwa Kiswahili yananyweka ama hayanyweki, na wapi unajua na wapi hujui. Mwangalie anavyokuamini. Sentensi utakayojikuta unamwambia wakati huo, ile ya pili baada ya ile ya kwanza kukukwama, hiyo ndiyo hitimisho lako. Niletee nami nitakusaidia kuitafutia Kiingereza chake, na nakuahidi hatutakuwa na kazi kubwa.

Najua Ijumaa iko karibu. Najua pia mama yako ameshawaambia watu kanisani, maana aliniambia na mimi. Ijumaa hii ikipita, kutakuwa na Ijumaa nyingine, nami nitamweleza mama yako mwenyewe. Nilipoteza mwaka mmoja kwa ajili ya rundo la viazi kwenye kona ya jiko, na katika miaka yangu yote ya kazi huo ndio mwaka unaonifanya nisimwonee wivu mtu mwingine yeyote.

Mungu akutangulie, Cheruto binti wa jirani yangu, na mwanangu. Aibariki mikono yako na macho yako, akupe watu wa kukuuliza nani kila unapojisahau. Akupe moyo wa kuandika sijui pale usipojua. Na siku moja mtoto wa mtu usiyemfahamu akanywe maji ya Kesses kwa sababu ya sentensi uliyoandika wewe, asiugue, aende zake darasani, asijue hata jina lako.